Usaili wa mtunza stoo: mpe mzigo ahesabu kabla hujamuuliza habari zake

Chukua duka la jumla la vifaa vya ujenzi, pale Buguruni au Tegeta, Dar es Salaam. Mmiliki anahitaji mtunza stoo. Tangazo limebandikwa, watu themanini wameleta barua, kumi wameitwa. Kila mmoja anaingia ofisini, anaamkia, anakaa, anaambiwa "haya, tueleze kidogo kuhusu wewe". Anaeleza. Anasema anajituma, ni mwaminifu, ana uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Baada ya robo saa bosi amekwisha kuamua, na mara nyingi ameamua kwa sauti ya yule mtu na namna alivyokaa kwenye kiti. Miezi mitatu baadaye kadi ya saruji, yaani karatasi ya kuandikia kinachoingia na kinachotoka, haifanani na mifuko iliyopo, na hakuna anayejua ilianza lini kutofautiana.

Usaili wa namna hiyo unapima ustadi wa kusailiwa. Mtunza stoo anayehesabu vizuri na kuandika papo hapo mara nyingi ni mtu mkimya, na mkimya huanguka mbele ya swali la "tueleze kuhusu wewe". Watafiti wamelipima jambo hili kwa miaka mingi. Katika uchambuzi mkubwa wa Sackett na wenzake uliotoka 2022, usaili uliopangwa, yaani maswali yaleyale kwa kila mtu na alama zinazojulikana, ulihusiana na utendaji kazini kwa kipimo cha 0.42. Usaili wa maongezi tu ulipata 0.19. Sifuri maana yake ni kubahatisha, na moja ni kupatia kila mara. Hakuna usaili unaofika moja. Lakini 0.42 ukilinganisha na 0.19 ni tofauti kubwa, na kuipata hakugharimu zaidi ya karatasi, kalamu na nidhamu.

Anza na siku mbaya za kazi yenyewe

Kabla ya kuandika swali lolote, kaa na watu wanaoijua hiyo stoo, yaani keshia, kuli mzoefu na dereva, uwaulize: ni siku gani mtunza stoo alituokoa, na ni siku gani alituponza? Mwanasaikolojia John Flanagan aliiandika njia hii mwaka 1954, na mpaka leo sijaona iliyo bora zaidi kwa duka dogo. Usiulize "anatakiwa awe na sifa gani", maana utajibiwa uaminifu, bidii na nidhamu, maneno yanayomfaa hata mlinzi na daktari. Uliza tukio.

Utasikia mambo kama haya. Lori lilifika saa kumi na moja jioni, dereva ana haraka, mtunza stoo akasaini bila kuhesabu. Mteja alirudisha mabomba, yakapangwa rafuni bila kuandikwa. Mifuko ya saruji iliwekwa sakafuni bila chaga, mvua ikanyesha. Upande mzuri: kuna aliyekataa kutoa bati kwa maneno ya simu mpaka akaona risiti, ingawa aliyepiga ni shemeji wa bosi.

Matukio kumi ya namna hiyo yanatosha. Yapange, utaona yanaangukia kwenye mambo manne au matano: kuhesabu na kuandika kwa usahihi, msimamo mbele ya mwenye haraka au mwenye cheo, mpangilio wa mzigo, na namna ya kusema na madereva na wateja. Hayo ndiyo utakayoyapima. Usizidishe matano, kwa sababu ukiyafanya kumi na mbili, alama zako zote zitageuka kuwa hisia moja iliyoandikwa mara kumi na mbili.

Jaribio la vitendo

Wanaofuatilia ajira za serikali Tanzania wanajua usaili wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano. Maduka na kampuni ndogo huruka mpaka mahojiano, na hapo ndipo wanapopoteza. Weka vitendo mwanzoni, kabla hujamsikiliza mtu. Ukimpenda kwanza, utayasamehe makosa yake ya hesabu.

Kwa mtunza stoo andaa mambo mawili. Yote mawili yasizidi dakika 25, na usitumie kazi halisi ya duka. Kumtumia msailiwa kukuhesabia stoo yako bure ni dhuluma.

La kwanza ni boksi. Changanya ndani yake viungo vya mabomba: elbo za PVC za nusu inchi 30, za robo tatu 22, na tii 17. Mpe hati ya mzigo inayosema 30, 24 na 17. Mwambie: "Mzigo huu umefika sasa hivi. Upokee kama ungeupokea kazini." Kisha nyamaza na uangalie mikono yake. Kuna atakayemwaga kila kitu mezani, atenganishe aina tatu, apange mafungu ya kumi kumi, ahesabu mafungu, kisha arudie. Kuna atakayehesabu kwa macho akinyoosha kidole hewani, apotee njiani, aanze upya. Kuna atakayetazama boksi, atazame hati, asaini. Unachokitafuta ni kama ameandika upungufu wa elbo mbili kwenye hati kabla ya kutia saini. Akikuambia kwa mdomo tu kwamba zimepungua mbili, halafu akasaini hati safi, amehesabu vizuri ila hajapokea vizuri. Mpe nusu ya alama, na uandike sababu.

La pili ni kadi ya saruji na bahasha ya hati za kutolea mzigo. Kadi inaonyesha salio la asubuhi mifuko 240, iliyopokelewa 600, iliyotoka 515, iliyorudishwa na mteja 5, iliyolowa na kuondolewa 8. Salio halijaandikwa, analipiga yeye: 322. Chini yake umeandika kwamba hesabu ya mikono jioni ni 318. Uliza: "Utafanya nini?" Katika bahasha kuna hati moja ya mifuko minne ambayo haijaingizwa kwenye kadi. Anayeifungua bahasha na kulinganisha hati moja moja na kadi ataikuta. Yule anayesema "nitasahihisha kadi iwe 318" amekuonyesha jambo zito sana, na ni bora umelijua leo. Yupo pia atakayesema "wamenikata mshahara kazi ya kwanza kwa ajili ya upungufu kama huu", na hapo umepata mlango wa kuuliza ilikuwaje.

Jaribu majaribio haya kwa mtu wa dukani kwanza. Ikiwa anayeijua kazi anashindwa kumaliza ndani ya muda, kosa ni la jaribio. Na usitege kwa mambo ya siri ya biashara moja. Aliyetoka stoo ya dawa hajui kwamba nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.66 hivi. Mwandikie uzito huo kwenye karatasi. Unapima kichwa chake, majina ya bidhaa atayajua ndani ya wiki mbili.

Maswali, na alama zake zikiwa zimeandikwa tayari

Maswali matano au sita yanatosha dakika 20. Nusu yaulize yaliyokwisha kutokea, nusu yamweke msailiwa mbele ya tatizo la kazi. Kila swali liwe na mfano wa jibu la alama 1, la 3 na la 5, na mifano hiyo iandikwe kabla ya msailiwa wa kwanza kuingia. Hapa ndipo wengi wanapoona uvivu, na hapa ndipo faida ilipo. Bila mifano, alama 4 ya meneja na alama 4 ya keshia ni vitu viwili tofauti.

Tazama swali moja kwa karibu:

"Ni saa kumi na moja jioni. Zimeletwa tani mbili za nondo za milimita 12. Kila moja ina kilo 10.66 hivi. Umehesabu, umepata 170. Dereva anasema kiwandani wamepima kwa mizani, ana safari ya Morogoro, usimcheleweshe. Unafanyaje?"

Kwa hesabu, tani mbili zinatakiwa kuwa nondo 187 au 188, kwa hiyo kuna pengo la nondo 17 au 18, karibu kilo 190. Alama 1 ni ya anayesaini kwa kuwa dereva anafahamika, au anayesema hiyo ni kazi ya bosi. Alama 3 ni ya anayekataa kusaini na kupiga simu kwa meneja. Alama 5 ni ya anayepiga hesabu ya uzito, anahesabu tena mbele ya dereva, anaandika "zimepokelewa 170" kwenye nakala zote mbili, anamtaka dereva asaini, ndipo anapiga simu. Anapokea mzigo bila kupokea uongo. Msailiwa akisema jambo zuri ambalo hukulifikiria, kwa mfano kupima kipenyo cha nondo kwanza, liandike chini, ila usiibadilishe mifano ya alama katikati ya siku.

Kwa yaliyokwisha kutokea uliza hivi: "Nieleze siku moja hesabu yako ilipokataa kulingana na kadi." Jibu la kwanza mara nyingi litakuwa la jumla: "Huwa tunarudia kuhesabu." Hapo fuatilia polepole. Ilikuwa bidhaa gani? Mlikuwa nani na nani? Wewe mwenyewe ulifanya nini? Iliishaje? Aliyeyapitia kweli anakumbuka vitu vidogo, kama jina la bidhaa, siku yenyewe au nani alikasirika. Aliyekariri anarudi kwenye "huwa".

Hapa kuna jambo la kwetu linalohitaji subira. Tumelelewa tusijisifu, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi yote peke yake atasema "tulifanya", "tulipanga", "tulishirikiana". Usimkate alama kwa hilo. Muulize kwa heshima: "Katika hiyo kazi, dada, fungu lako lilikuwa lipi?" Mara nyingi ndipo utakaposikia kwamba yeye ndiye aliyeanzisha kadi, na wenzake walikuwa wakibeba tu.

Kingine ni lugha. Duka linaendeshwa kwa Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka jioni, kisha usaili unafanywa kwa Kiingereza ili uonekane wa maana. Unachopima hapo ni Kiingereza. Ikiwa kazi inadai kusoma invoisi za Kiingereza, mpe invoisi moja aisome, uone kama anaelewa kila mstari. Hicho ndicho Kiingereza cha kazi hiyo.

Na umri. Akija mtu mzima kuliko wewe, muamkie. Shikamoo haiondoi mamlaka ya jopo, na mzee aliyekaribishwa kwa adabu ataongea kwa uhuru. Kijana aliyekuamkia mwitikie marahaba, mpe maji, mweleze: "Tutakaa dakika hamsini. Kwanza kuna kazi ndogo ya mikono, kisha maswali, mwisho utatuuliza wewe. Utatuona tunaandika, tunawaandikia wote." Woga unapungua sana mtu akijua kinachokuja, na woga ukipungua unaona kazi yake halisi.

Alama kwanza, maongezi baadaye

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, akiwa kijana katika jeshi la Israeli miaka ya 1950, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari. Alichagua sifa sita, akawataka wasaili waulize mambo halisi ya maisha ya mtu na kutoa alama ya kila sifa kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Shabaha yake ilikuwa kuzuia sifa moja isizipake rangi nyingine. Fanya hivyohivyo stooni kwako. Swali likiisha, alama inaandikwa. Usisubiri mpaka mwisho.

Jopo liwe watu wawili au watatu, na wasisemezane mpaka kila mmoja amejaza karatasi yake na kuweka saini. Mkubwa akisema kwanza "huyu kijana ni mzuri", karatasi za wengine zitamfuata. Zikiwa zimejazwa, linganisheni swali kwa swali. Penye tofauti ya alama mbili au zaidi, kila mmoja asome alichoandika kwamba msailiwa alisema. Anayejibu "basi tu, sikumwelewa" hana ushahidi, alama yake irudiwe.

Wasailiwa watano kwa siku wanatosha. Wa sita unamsikiliza ukiwa na njaa. Kati ya mmoja na mwingine acha dakika kumi. Na jihadhari na anayefuata baada ya aliyefanya vibaya sana, maana ataonekana malaika. Dawa ni ileile: mlinganishe na mifano iliyoandikwa, usimlinganishe na aliyetoka mlangoni.

Katika kujumlisha, alama za vitendo zihesabiwe mara mbili, na uamue mapema kwamba anayepata 1 kwenye kuhesabu na kuandika hapiti hata kama jumla yake ni kubwa. Ukisubiri kuamua hilo mbele ya mtu uliyempenda, hutaliamua.

Vimemo na maswali yasiyohusu

Kimemo kitakuja. Mjomba atapiga simu, jirani wa msikitini au kanisani atamleta mwanawe. Usimfukuze mtu kwa kosa la kuwa na ndugu. Aingie kwenye foleni ileile, apewe boksi lilelile, na mwenye undugu naye atoke kwenye jopo siku hiyo. Ukiwa na karatasi za alama unaweza kumwonyesha mjomba kwamba kijana wake alisaini bila kuhesabu. Bila karatasi utabaki na "samahani", na hataielewa.

Kuhusu maswali ya "umeolewa?", "una mtoto mdogo?", "wewe kabila gani?": Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, maambukizi ya VVU na mengine, na ulinzi huo unamfikia hata mwombaji wa kazi. Tena majibu yake hayakusaidii. Kinachokusumbua hasa ni kama atafika saa moja na nusu asubuhi kufungua stoo. Basi sema ratiba yenyewe kwa wote, wake kwa waume: "Kazi inaanza saa 1:30 asubuhi, Jumamosi ni nusu siku. Kuna kitu kitakachokuzuia?" Na utaje mshahara kabla hujamchosha mtu. Kuuficha mpaka mwisho kunakupotezea walio bora, maana wao ndio wenye pa kwenda.

Vyeti na simu za waliomfahamu

Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulikuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kwa hiyo omba cheti halisi, na kikiwa cha kidato cha nne au cha sita kihakikiwe NECTA, Baraza la Mitihani. Lakini usimdai mtunza stoo shahada ambayo kazi haiihitaji. Unamfundisha kudanganya.

Barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili vinakuambia mtu anaishi wapi na nani atamtafuta akipotea. Havikuambii kama anajua kuhesabu. Kwa hilo mpigie aliyekuwa msimamizi wake wa moja kwa moja, kwa ruhusa ya msailiwa, na kwa namba ya ofisi uliyoitafuta mwenyewe. Kama bado yuko kazini huko, ngoja mpaka umwambie kwamba amefika hatua ya mwisho, maana simu ya mapema inaweza kumfukuzisha.

Watu wetu hawapendi kumharibia mwenzao riziki, kwa hiyo swali la "ni mtu wa namna gani?" litajibiwa "ni kijana mzuri tu". Uliza yenye jibu: alianza lini, akaacha lini? Alishika stoo peke yake au na nani? Hesabu ya mwisho wa mwezi ilikuwa inatofautiana kiasi gani? Nafasi ikitokea kwenu utamrudisha? Baada ya swali hilo la mwisho nyamaza. Anayejibu "mara moja, hata kesho" na anayevuta pumzi kwanza wamekujibu wote wawili. Hata hivyo, kisasi nacho kipo. Simu moja mbaya isiyo na tukio ndani yake usiipe uzito, piga ya pili.

Barua na nakala za vitambulisho za waliokosa zifungie kabatini au uziharibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata ukiwa na duka moja. Kupiga picha sivii ya mtu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, "nani anamjua huyu?", ni kumkosea. Wapigie simu waliokosa ndani ya wiki, hata kwa sentensi mbili.

Aliyepata mpe mkataba wa maandishi wenye kipindi cha majaribio. Kanuni za Tanzania zinaweka ukomo wa miezi 12, ila kwa stoo miezi mitatu inakuonyesha mengi. Mwezi wa tatu ukiisha, toa karatasi yake ya usaili uiweke kando ya kadi zake za kweli. Kama alipata 5 kwenye mpangilio na leo mabomba yamezuia mlango, swali lile la mpangilio libadilishe kabla hujamwita mtu mwingine.